Mawe Tisini na Sita ya Tapachhen

Saa kumi na moja alfajiri, Tirthamaya Awale anapiga magoti katikati ya barabara na kuanza kukiondoa kivuko cha waenda kwa miguu alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Hana haraka. Anapenyeza ncha ya mtaimbo pembeni, anaulalia kidogo, kabari ya mti inachomoka na jiwe la kwanza linanyanyuka. Analigeuza, anapangusa mchanga, anasoma namba iliyopakwa rangi nyeupe chini yake, kisha anaita bila kugeuza shingo.

"Moja na mbili! Nyumba ya fundi cherehani!"

Fundi cherehani anatoka na toroli, mswaki ungali mdomoni. Kila jiwe lina uzito wa kilo ishirini na nane. Analiinua la kwanza, anaguna, mswaki unadondoka.

"Dada Tirtha, mwaka ujao nipe namba za mawe mepesi."

"Yote yametoka mlima mmoja, kaka. Wewe ndiye uliyezeeka."

Kicheko kinashuka kutoka madirishani. Mtaa mzima umeamka, na kila nyumba inangoja namba zake ziitwe.

Kufikia saa moja asubuhi, mawe yote tisini na sita yameingia katika nyumba arobaini na nane za mtaa wa Tapachhen, hapa mjini Patan, na barabara iko tambarare. Kesho mchana gari la Bungadyah, mungu wa mvua, litavutwa kwa kamba kupita hapa hapa. Mnara wake wa fito unazidi paa la nyumba yoyote mtaani, na magurudumu yake ya mti yanamzidi kimo mwanamume mzima. Gari hilo halitaki matuta.

Hii ni mara ya kwanza kwa gari kupita tangu kivuko kijengwe. Likikwama Tapachhen kwa sababu ya barabara, mawe hayatarudi tena. Hayo ndiyo makubaliano, na yameandikwa katika kitabu cha mtaa.

Tirthamaya anapokea kikombe cha chai kwa mikono miwili.

"Sikupata usingizi," anasema. "Lakini wewe andika kwanza kwamba nashukuru. Hata likikwama, nashukuru."

Ukitaka kumhoji mama huyu wa miaka hamsini na miwili, jitayarishe kusikiliza shukrani. Anamshukuru mhandisi wa kata, anamshukuru shemeji yake aliyempinga kwa mwezi mzima, anamshukuru muuza chai aliyewapa vibarua chai ya bure. Mwandishi huyu, mkazi wa Tapachhen kwa miaka kumi na minane, aliwahi kumsikia akilishukuru toroli.

Alizaliwa katika ukoo wa waashi, lakini mwiko wa kujengea ulikuwa wa wanaume. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa saidia fundi, akibeba matofali mgongoni kwa rupia mia tano kwa siku. Tetemeko kubwa lilipoangusha nyumba, mafundi wakaadimika. Wengi walikuwa kazini nchi za Ghuba, akiwemo mume wake, aliyeko Qatar hadi leo akitengeneza viyoyozi. Ndipo wanawake walipoitwa kwenye mafunzo ya uashi ya siku arobaini na tano.

"Siku ya kwanza mwalimu aliniuliza kama nimewahi kushika tofali," anasimulia. "Nikamwambia, mwalimu, nimeshika milioni, ila hakuna aliyeniruhusu kuliweka ukutani."

Leo anapata rupia elfu moja na mia tano kwa siku, na kwa mwezi hupata kazi siku kumi na nane, mara chache ishirini. "Mwanamume mwenye mwiko kama wangu hulipwa elfu moja na mia nane. Andika na hilo," anasema. Ndiyo sentensi pekee ya siku hiyo isiyokuwa na shukrani ndani yake.

Lakini habari ya kivuko haikuanza na uashi. Ilianza na mama mkwe wake.

Nhuchhemaya Awale ana miaka themanini na mmoja. Tangu alipoolewa Tapachhen akiwa na miaka kumi na sita, aliamka kila alfajiri, akapanga mchele, maua na poda nyekundu kwenye sahani ya shaba, akavuka barabara kwenda kwenye hekalu dogo la Ganesh lililo upande wa pili, akagonga kengele, akarudi. Zamani barabara hiyo ilikuwa ya watu, mbuzi na baiskeli. Siku hizi pikipiki huja kutoka juu kwa mteremko, moja nyuma ya nyingine, kama maji yaliyofunguliwa.

Miaka mitatu iliyopita, katika mwezi wa Kartik, pikipiki iliyobeba magunia ya koliflawa ilimkumba akiwa hatua nne tu kutoka kwenye kengele. Nyonga ikavunjika. Upasuaji uligharimu rupia laki moja na elfu themanini na tano, na Tirthamaya akauza vipuli vyake vya dhahabu vya harusi.

"Yule kijana hakukimbia," anasema. "Alimbeba Mama mwenyewe mpaka hospitali, analia kuliko sisi. Mpaka leo huleta koliflawa kila Jumamosi. Namshukuru."

"Mimi simshukuru," anadakia Nhuchhemaya kutoka dirishani, ambako husikia kila neno linalosemwa barabarani. "Koliflawa zake zina wadudu."

Nyonga ilipona. Daktari alimwambia atembee, naye alitembea, kwa fimbo, akizunguka ua mara ishirini kila jioni. Barabara ndiyo iliyomshinda. Alisimama kizingitini na sahani yake, pikipiki zikapita, akarudi ndani. Hakutaka kushikwa mkono, na kubebwa ndiyo kabisa hakutaka kusikia.

"Naenda kwa mungu, siendi hospitali," alisema. "Nikishindwa kwenda kwa miguu yangu, basi."

Kwa hiyo kwa miaka mitatu amefanya ibada yake dirishani, akitupa punje za mchele upande wa hekalu. Nyingi huishia kwa njiwa. Tirthamaya, ambaye chumba chake kiko jirani, aliamka naye kila alfajiri na kumsikiliza akiomba radhi kwa mungu kwa kutofika. Hilo ndilo lililomuuma. Alitaka jambo moja tu: Mama avuke barabara tena, kwa miguu yake, kabla hajafa.

Akaenda kwenye kikao cha mtaa. Ndivyo mipango inavyoanza kwetu. Mtaa huketi, kila mwenye shida huisema, shida huandikwa na kupelekwa kata, kata huchagua kadiri mfuko unavyoruhusu. Tirthamaya alisimama nyuma kabisa, akaomba kivuko.

Mwaka huo kata ilichagua lango la kukaribisha wageni. Ni lango zuri, lina simba wawili. Wageni wanaokaribishwa hulipita wakiwa kwenye pikipiki, kwa kasi.

Mwaka uliofuata alirudi, lakini safari hii kata ilikuwa na mhandisi mpya. Pratigya Lamichhane, binti wa miaka ishirini na saba kutoka Chitwan, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ukweli.

"Dada, huruma haiingii kwenye jedwali la bajeti. Niletee hesabu."

Tirthamaya akakusanya wanawake saba. Waliketi kwenye baraza la mtaa, karibu na kisima, wakiwa na mifuko ya soya nyeusi na madebe mawili. Kila mtu aliyevuka, punje moja debe la kushoto. Kila pikipiki iliyopita, punje moja debe la kulia. Walihesabu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne asubuhi, siku tatu. Watu elfu moja na arobaini kwa asubuhi moja. Pikipiki elfu mbili na mia tatu.

"Nilizipeleka soya zenyewe ofisini," anasema Tirthamaya, akicheka. "Nilidhani hawataniamini bila kuziona."

"Zilimwagika mezani kwangu," anasema Pratigya. "Mpaka leo naziokota kwenye mafaili. Lakini takwimu zangu zote za mwaka ule, hizo ndizo nilizoziamini zaidi."

Mpango ukapita. Kivuko kilichoinuliwa sentimita kumi, cha zege, chenye miteremko pande mbili, ili pikipiki ipende isipende ipunguze mwendo. Gharama rupia laki sita na elfu arobaini. Kata ingetoa asilimia themanini, mtaa ungetoa ishirini, kwa fedha au kwa jasho. Pratigya aliuleta mchoro, akaubandika ukutani mwa baraza, akaomba wakazi waukague na kutia sahihi.

Hapo ndipo sisi wa Tapachhen tulipofanya kosa ambalo hata sasa tunaona haya kulisimulia.

Siku ile ilikuwa ya karamu ya ukoo. Harufu ya nyama ya nyati iliyokaangwa ilikuwa imeshafika barazani, mchele wa kupondwa umeshapakuliwa. Watu thelathini na saba walipanga foleni mbele ya mchoro. Kila mmoja alitafuta mlango wa nyumba yake, akauona, akaridhika, akatia sahihi, akakimbilia kula. Mwandishi huyu naye alitia, ya kumi na tisa.

Hakuna aliyekumbuka gari la Bungadyah. Sisi ambao huhesabu umri wa watoto wetu kwa miaka ya gari, ambao tunajua kila shimo linalopita chini ya magurudumu yake, tuliidhinisha ukuta mdogo wa zege katikati ya njia yake.

Aliyegundua ni Harkhaman Awale, kaka mkubwa wa mume wa Tirthamaya. Ana miaka sitini na saba, na ni kiongozi wa watu wa kabari. Hawa ndio hutembea mbele ya magurudumu gari linapovutwa, wakirusha magogo yaliyochongwa kama kabari ili kulipunguza mwendo au kuligeuza. Gari halina usukani wala breki nyingine. Kazi hiyo imekaa katika ukoo wao vizazi sita, na imemgharimu Harkhaman vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Saruji ilikuwa imeshashushwa. Tirthamaya, ambaye kamati ya mtaa ilimpa kazi ya ufundi, alikuwa anapiga mistari ya chokaa. Shemeji yake akasimama mbele yake.

"Shemeji, alama hizi za nini?"

"Za kivuko, shemeji."

"Kinainuka kiasi gani?"

"Sentimita kumi."

Harkhaman akatazama juu barabarani, akatazama chini, akavua kofia.

"Na Bungadyah apite wapi? Arushwe?"

Tirthamaya akaweka chokaa chini. Alijikaza, akaleta kitabu cha mtaa, akakifungua.

"Lakini shemeji, hii hapa sahihi yako. Ya tatu."

Mzee akainama, akaisoma.

"Nilikuwa na njaa," akasema.

Watu walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Jioni ile wazee walikutana na kusema zege halitamwagwa. Pratigya akasema mistari ya rangi peke yake haipunguzi mwendo wa mtu, wameijaribu mitaa mingine na pikipiki huipita kama haipo. Na fedha ambayo haijatumika mwisho wa mwezi wa Asar, mwaka wa fedha unapofungwa, hurudi ilikotoka. Mtaa ukagawanyika. Waliomtania Tirthamaya kwa upendo wakaanza kumtania kwa ukali, wakimwita mhandisi wa soya.

"Nilikaa nje ya ofisi nikalia," anasema Pratigya. "Mimi ni mtu wa Chitwan. Gari lenu nililiona kwenye picha tu. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia!"

Ana haki ya kusema hivyo. Hatukumwambia kwa sababu hatukuwaza kwamba kuna mtu duniani asiyejua.

Wiki ya tatu ya mvutano, Tirthamaya alikuwa kwenye paa akianika nguo. Akainua macho, akaona nyaya za umeme zinavyokatiza barabara kutoka nyumba hadi nyumba. Kila mwaka, siku moja kabla ya gari kupita, mafundi wa umeme huja na ngazi na kuzishusha zote. Mtaa hukaa bila umeme siku mbili, na hutasikia mtu akilalamika.

"Nikajiuliza, mbona nyaya zinashuka na kupanda?" anasema. "Nyaya zina adabu gani ambayo mawe hayawezi kuwa nayo?"

Hakumwambia mtu. Alinunua mawe manane ya kuchonga kwa fedha yake, akayapanga uani juu ya mchanga uliopigwa vizuri, bila saruji, akayabana pembeni kwa kabari za mti. Akamwomba kijana wa koliflawa apite juu yake kwa pikipiki yenye mzigo, mara hamsini. Hakuna jiwe lililocheza isipokuwa la mwisho.

Harkhaman alikuja siku ya pili. Alisimama, akatazama, akaondoka. Akaja tena jioni iliyofuata, akachuchumaa, akachomoa kabari moja na kuipima kwa vidole vyake vitatu.

"Kabari zako ni za kitoto," akasema, akaondoka.

Tirthamaya alidhani yameisha. Asubuhi mzee alirudi na gunia. Ndani yake mlikuwa na kabari arobaini za mti wa sal, mgumu kama mfupa, alizokesha akizichonga kwa namna ileile anayochonga za magurudumu, ila ndogo.

"Sikusema neno la kushukuru," anasema Tirthamaya. "Fikiria, mimi! Nilishika gunia tu."

Pratigya alichora upya mchoro mzima kwa siku nne. Katika mwongozo wa kazi hakuna kivuko cha kuvuliwa kama kofia, kwa hiyo akakiita kivuko cha majaribio na kukipeleka kwa wakubwa wake, akibishana nao mlango kwa mlango. Kikapita. Wazee nao wakaweka masharti yao. Mawe yatolewe kila mwaka kabla ya gari, na gari likikwama mahali pale kwa sababu ya barabara, yasirudishwe kamwe.

Sehemu ya mtaa ilikuwa rupia laki moja na elfu ishirini na nane. Kila nyumba ilitoa elfu moja, na iliyobaki ikahesabiwa kwa jasho: kuchimba, kubeba, na kulea mawe mawili kila gari linapopita. Mwezi wa Falgun, miezi miwili kabla ya gari kupita, kivuko kikakamilika. Siku ya kwanza pikipiki ya kwanza ilikuja kwa kasi yake ya kila siku, ikaona mgongo wa mawe, ikafunga breki, ikapanda taratibu kama mtu aingiaye nyumba ya watu. Wanawake wa soya walipiga makofi.

Mtu mmoja tu hakukikanyaga.

"Bungadyah apite kwanza," alisema Nhuchhemaya. "Hiyo ni njia yake. Yeye akikubali, nami nitapita. Akikwama, sitaki kuwa nimeweka mguu hapo."

"Lakini Mama, nimekijenga kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana naogopa, mwanangu. Watakusema wewe."

Basi mkamwana akangoja miezi miwili, kivuko kikitumiwa na mji mzima isipokuwa aliyejengewa.

Siku ya gari, jua lilikuwa kali. Kuanzia saa nane mchana tulisikia mwitiko wa wavutaji ukipanda kutoka chini, mamia ya sauti, mmoja akianzisha na wote wakijibu kwa pamoja wakizivuta kamba. Mnara ukatokea kwenye kona, ukayumba kulia, ukayumba kushoto. Harkhaman na watu wake walikuwa mbele ya magurudumu, wakirusha kabari na kuziondoa, wakikimbia kinyumenyume.

Gurudumu la mbele likafika mahali pa kivuko. Likaingia. Na hapo hapo gari likasimama.

Kelele zikakatika. Mwanamke mmoja juu ya paa akasema kwa sauti ya kutosha, "Nilisema mimi." Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea mlango ambao Tirthamaya alikuwa amesimama.

"Sikuingia ndani," anasema. "Nilimsikia Mama dirishani juu yangu. Alikuwa anaomba, lakini safari hii alikuwa ananiombea mimi."

Harkhaman alikuwa amelala kifudifudi chini ya gurudumu, mzee wa miaka sitini na saba, akipapasa barabara kwa kiganja. Akatoka, amejaa vumbi. Akapanda juu ya mti mrefu wa mbele wa gari, mahali ambapo kila mtu angemwona.

"Kamba!" akapaza sauti. "Kamba ya kushoto ndiyo iliyokatika! Barabara iko sawa kama sinia! Anayetaka kumsema mke wa mdogo wangu aje aniseme mimi hapa!"

Hakuja mtu. Kamba nyingine ikaletwa, ikafungwa, ikachukua dakika arobaini ambazo Tirthamaya anasema zilimzeesha. Kisha mwitiko ukaanza tena, gari likatikisika, gurudumu likapita juu ya kitanda cha mchanga uliopigwa na wanawake, likatoka upande wa pili kana kwamba halijui chochote. Baadhi yetu tulilia. Si aibu kusema.

Kesho yake asubuhi mawe yakarudi. Moja na mbili, tatu na nne. Yalipofika hamsini na saba, kazi ikasimama. Nyumba yenye namba hiyo ilileta jiwe moja tu.

"La pili liko wapi, dada?" akauliza Tirthamaya.

Mama mwenye nyumba akatazama chini. Jiwe lilikutwa jikoni, limekandamiza mtungi wa figili za kuchachusha.

"Jamani, niachieni siku mbili tu! Ndiyo kwanza zimeanza kuchachuka!"

Hakuachiwa hata saa. Figili zikakandamizwa kwa pasi ya mkaa, na kivuko kikafungwa kwa kabari ya mwisho saa tano kasoro. Tirthamaya akapitisha pimamaji juu yake, akakaa chini kando ya barabara, akataja majina ya watu wa kuwashukuru mpaka chai yake ikapoa.

Mitaa mingine mitatu iliyo kwenye njia ya gari imeshapeleka maombi kata. Tirthamaya anawafundisha wanawake wanne, wote waliokuwa saidia fundi kama yeye, kuchonga mawe na kusoma mchoro. Mpango wake ni kuomba kazi hizo kwa kamati zao akiwa na kikundi chake, kwa malipo yaleyale ya wanaume. Pratigya amemwambia safari hii asilete soya, alete barua. Ameileta.

Alfajiri ya siku iliyofuata, mlango wa nyumba ya Awale unafunguliwa. Nhuchhemaya anatoka, fimbo mkono wa kushoto, sahani ya shaba mkono wa kulia. Nyuma yake, hatua mbili, anakuja mkamwana wake, amenyoosha mikono bila kumgusa.

Bibi anakanyaga jiwe la kwanza. Kutoka juu inakuja pikipiki yenye makopo ya maziwa. Inapunguza mwendo, inasimama. Mwendeshaji anashusha mguu chini na kungoja.

Katikati ya barabara bibi naye anasimama. Tirthamaya anasogea hatua moja. Lakini mama mkwe wake anainama polepole, anaweka sahani chini, anachota poda nyekundu na punje chache za mchele, anaziweka juu ya jiwe, kama kila mwanamke wa hapa anavyofanya alfajiri kwenye jiwe lililo mbele ya mlango wake. Anainuka. Anaendelea. Kengele ya hekalu inalia mara tatu.

Anarudi kwa mwendo uleule, bila kumtazama mtu. Anapofika kizingitini ndipo anageuka kwa Tirthamaya, ambaye machozi yamemfika kidevuni.

"Kesho usinisindikize," anamwambia. "Hiyo mikono yako nyuma yangu inanitia kiwewe. Lala."

Mlango unafungwa. Namuuliza Tirthamaya atafanya nini kesho.

"Nitalala mpaka saa kumi na mbili," anasema. "Sijui kama nitaweza. Nitajaribu."